Bwana Afya na Kipande cha Tango

Harufu ya tango linapokatwa inanichefua mpaka leo. Wageni wangu hudhani nina mzio, nami huwaacha wadhani hivyo, maana ukweli una maelezo marefu, na si kila mtu ana subira ya kumsikiliza mwanamke mtu mzima akimlilia samaki. Nyinyi mtanivumilia.

Tuliishi Buzebazeba, mtaa ulio karibu na ziwa, kwenye nyumba aliyoijenga marehemu baba. Baba alipofariki, mdogo wake, baba mdogo Rajabu, alihamia kwetu akawa ndiye anayetuletea unga na mboga. Kazi yake ilikuwa kupiga mbizi. Aliwakamata samaki wa mapambo kwenye miamba ya upande wa Kagunga, wale wadogo wenye mistari na rangi, na bosi wake akawasafirisha nje ndani ya mifuko ya plastiki iliyojazwa hewa. Wavuvi wa dagaa walimcheka kwamba anavua samaki wasioliwa. Yeye aliwajibu kwamba samaki wake wanapanda ndege, wa kwao wanapanda sufuria.

Siku moja alirudi na tangi la kioo lililopasuka pembeni, ambalo kazini kwao walilitupa, akaliziba kwa gundi. Kwa mkono wa pili alishika mfuko wenye samaki wa ajabu: mweusi, mgongo mgumu kama bati, doa jeupe chini ya jicho, mdomo uko upande wa tumboni na umeng'ang'ania plastiki. Alisema anaitwa pleko, amepewa na mteja wa Dar es Salaam, na si wa ziwani kwetu; kwao ni kwenye mito ya mbali, Amerika huko, yenye magogo mengi na maji ya rangi. Anasugua ukoga kwenye vioo. Mama alimtazama anavyopita kila kona ya tangi akikagua, akasema, "Haya, Bwana Afya kaingia. Ficheni vyombo vichafu." Jina likamkaa.

"Huyu ni wako, Zuu," baba mdogo aliniambia. "Wako peke yako, mpaka aote mvi."

Tukaanza kumjengea kwao, na hapo ndipo nilipompenda baba mdogo kuliko mtu yeyote duniani. Alinifundisha kwamba maji peke yake si makazi. Samaki anataka pa kujificha na kivuli cha kulalia. Tuliokota mawe kwenye ufukwe wa Kibirizi, tukaosha mchanga mpaka maji yakatoka meupe. Tukapata gogo lililotupwa ufukweni na mawimbi, lenye shimo katikati. Ilibidi lichemshwe ndipo lizame, na chombo pekee kilicholitosha kilikuwa sufuria ya shughuli ya mama. Pilau la Maulidi lilinukia mti, na mama hakukubali kabisa kuwaeleza wageni kwa nini. Mwisho tukatandaza majani makavu ya mti wa mkungu, maji yakageuka kahawia. Majirani waliuliza kama siku hizi tunafuga samaki kwenye chai.

Kila asubuhi baba mdogo aligonga meza, "Mwakeye, Bwana Afya!" kwa salamu yetu Waha, na Bwana Afya hakutoka. Kutwa alikaa ndani ya gogo. Ukimgusa alitanua miiba ya mapezi akajikaza humo, na hapakuwa na namna ya kumvuta bila kumchana. Wavu nao haukufaa, maana miiba ilinasa.

Lakini kwangu alitoka. Nilifunga kipande cha tango kwenye kijiwe kwa uzi, nikazamisha mkono, nikatulia. Alichungulia, akarudi, akachungulia tena, kisha akalifuata tango mpaka kiganjani, akawa ananisugua vidole kwa ule mdomo wake wa msasa. Nilitekenyeka, ila sikuthubutu kucheka. Hakumfanyia hivyo mtu mwingine yeyote, hata baba mdogo aliyeishi na samaki tangu ujana wake. Nilivimba kichwa, siwafichi.

Jumamosi moja baba mdogo alinikuta nafua sare za shule.

"Zuu, leo tunasafisha tangi. Mtoe mwenzio akae kwenye ndoo kidogo. Mimi kanigomea."

"Maji ya ndoo ni ya tangini?" niliuliza, kama alivyonifundisha.

"Ya tangini. Unadhani nimesahau?"

Nikakata tango. Bwana Afya alitoka bila wasiwasi, akapanda kiganjani, nami nikamshusha kwenye ndoo taratibu hata mkia haukugonga ukingo. Baba mdogo alinisifia. Akafunika ndoo, akanituma ufukweni nikachote mchanga mpya, ule mweupe, tena nisikimbie. Nilikwenda naimba. Niliporudi na beseni kichwani, tangi lilikuwepo, gogo limo, ndoo haipo. Mama alikuwa anachambua mchele na hakuinua uso.

"Kafa, Zuu," baba mdogo alisema aliporudi magharibi. "Kaishiwa pumzi ghafla. Nimemzika, sikutaka umwone vile."

Nililia mpaka nikapata homa. Alikaa pembeni ya kitanda, akanifuta machozi kwa kanga ya mama, akanibembeleza mpaka nikalala. Hilo ndilo nisilomsamehe. Alinifuta machozi vizuri sana.

Ikaja Idi, tukaenda kumpa mkono bosi wake, ambaye alikuwa amehamia nyumba mpya. Siku hizo baba mdogo alikuwa ameshafanywa msimamizi wa wapiga mbizi wote, na alivaa kanzu mpya. Sebuleni mlikuwa na tangi kubwa lenye taa kali, kokoto za buluu na ngome ya plastiki. Hapakuwa na gogo wala jani. Nyuma ya bomba la hewa, mahali pekee penye kivuli, samaki mweusi alijibana kwenye kioo, mapezi yaliyotoka kwetu mazima sasa yamechanika kingoni. Doa jeupe chini ya jicho.

"Bwana Afya!" nilipiga kelele. "Baba mdogo, hakufa! Huyu hapa!"

Mke wa bosi akacheka. "Unamjua? Rajabu kamlea mwenyewe tangu akiwa kama kidole. Katuletea zawadi ya nyumba."

Niligeuka, nikamsubiri baba mdogo aseme. Aliifuta midomo yake kwanza.

"Watoto bwana," alisema. "Wakifiwa na samaki, kila samaki wanamwona wao."

Sebule nzima ikacheka. Mama alinifinya chini ya buibui lake, na njiani nilipotaka kumuuliza akaniwahi: "Usiniulize, mwanangu. Tunakula kwa mkono wake." Nilikaa na uchungu ule miaka mingi, nikidhani kilichoniuma ni uongo wa kifo, au kile kicheko.

Juzi juzi baba mdogo alinipigia simu. Amezeeka, sauti imekuwa nyembamba, na alianza kwa kuwaulizia watoto wangu mmoja mmoja. Kisha akasema nyumba aliyotuachia baba Buzebazeba imechakaa, anataka kuikarabati, ila mama hataki kutoka. Amemwambia akakae kwa dada yake huko Kalinzi kwa muda, kamgomea. "Zungumza naye wewe, Zuu. Wewe anakusikiliza."

Ndipo nilipoelewa kwa nini, Jumamosi ile, hakulipasua gogo amtoe mwenyewe. Samaki aliyechanika hatolewi zawadi. Alimhitaji mzima, na ili ampate mzima alihitaji mkono ambao samaki hakuuogopa. Nilidhani ananiita kwa sababu ananipenda. Pengine alinipenda kweli, na bado akaniita.

Nilimuuliza fundi atakayekarabati ni nani. Akasema hayo tutayaongea baadaye, mama akishatoka.

Nikamuaga kwa adabu, nikampigia mama. Nikamwambia asitoke ndani ya nyumba ile kwa maneno ya mtu yeyote, hata kama atakayekuja kumwita ni mimi.