TV ya Mama Nomsa Iliyokataa Magoli

Goli la kwanza kabisa la Kombe la Dunia 2010 liliangaliwa na dunia nzima.

Dunia nzima, kasoro sebule moja ya La Rochelle, Johannesburg.

Bafana, timu ya taifa ya Afrika Kusini, waliachia shuti, watu wakaruka, na palepale TV ikafa. Paap! Kioo cheusi tii.

Nje vuvuzela zinalia mtaa mzima. Ndani watu wanatazamana kama waliofiwa.

"Limeingia au halijaingia?"

Hakuna aliyejua.

Kisha macho yote yakamgeukia Méthode.

Méthode alikuwa Mrundi mmoja mpole, fundi wa TV na redio, mwenye kibanda chake katikati ya jiji. Alipanga chumba cha nyuma kwenye nyumba ya Mama Nomsa. Na kwa bahati mbaya yake, TV ile aliitengeneza yeye, siku chache tu kabla ya kombe kuanza.

"Fundi, si ulisema imepona?"

Aliyeuliza alikuwa Nicodemus, mpangaji mwenzake, Mtanzania, dereva wa gari la mikate. Jamaa ana mwili kama friji la bucha, na sauti yake ya besi ndiyo iliyobeba kwaya ya kanisani kwao.

"Ilipona," Méthode akajibu kwa aibu.

Akaiwasha. Ikawaka vizuri tu, kama haijafanya kosa lolote.

Jumapili Ghana wakapata penalti. Watu wamejazana hadi mlangoni. Mpigaji akapiga, wavu ukatikisika, sebule ikalipuka kwa shangwe...

Paap! Giza.

"Eish!" Nomsa akashika kichwa. Nomsa ni binti wa mwenye nyumba, amezaliwa hapohapo Joburg. Kiswahili anakisikia chote, ila akikasirika anaongea Kizulu. Siku hiyo aliongea Kizulu kirefu sana.

Jumatatu Méthode aliibeba ile TV ya kichogo mpaka kibandani. Akaifungua, akabadilisha kapasita mbili alizozitilia shaka, akagongagonga saketi kwa mpini wa bisibisi. Ikawaka kutwa nzima bila hata kupepesa.

Kwa fundi hakuna ugonjwa mbaya kama huo. Kifaa kinaumwa nyumbani, kikifika kwako kinapona.

Akairudisha. Jumatano Bafana wakacheza na Uruguay.

Uruguay wakafunga la kwanza. TV inawaka.

La pili. Inawaka.

La tatu. Inawaka, tena picha safi kuliko siku zote!

Nicodemus akasimama katikati ya sebule.

"Mnaona wenyewe? Magoli ya kutuumiza tunaonyeshwa yote. Ya furaha tunanyimwa. Huyu fundi ameitega hii TV ili kila siku aitwe yeye. Na nyie mnampelekea redio zenu!"

Watu wakaguna. Mmoja akasema hata pasi yake iliungua baada ya kupita mkononi mwa Méthode. Jamani, pasi! Méthode hajawahi kutengeneza pasi maishani mwake.

Mama Nomsa akamwita jikoni. Jina lake Hedwiga, mama wa Morogoro, aliolewa na mpigania uhuru wa Afrika Kusini aliyekuwa uhamishoni Tanzania, akaja naye uhuru ulipopatikana. Mume alishafariki, akamwachia nyumba hii ya zamani.

"Mwanangu, mimi sina neno na wewe," alisema taratibu. "Lakini sitaki fitina ndani ya nyumba yangu. Bafana wakicheza na Ufaransa ikazima tena, itabidi utafute chumba kwingine."

"Ndiyo, mama."

Méthode alirudi chumbani akakaa kitandani. Chumba angepata kingine, La Rochelle haikosi vyumba. Jina je? Fundi akishaitwa tapeli, nani tena atamletea redio?

Kesho yake asubuhi alikuwa anakunywa chai peke yake sebuleni, TV inarudia magoli ya mashindano. Likaonyeshwa goli la Bafana. Likaonyeshwa lile la Ghana.

TV inawaka!

Méthode akaweka kikombe chini.

Kumbe TV haina shida na magoli. Goli lilelile, kioo kilekile, na haijazima. Sasa kilichopungua hapa ni nini?

Watu.

Na Uruguay walipofunga, watu walikuwepo. Ila siku hiyo walikaa wamejiinamia, hakuna aliyeruka.

Akaangalia chini. Sakafu ya mbao, ya zamani, mbao ndefu kutoka dirishani mpaka kwenye meza ya TV. Akacheka peke yake.

Jioni akawaita wote sebuleni, TV inawaka.

"Naomba mruke. Mmoja mmoja, pale mnaposimamaga siku ya mpira."

"Umerukwa na akili?" Nicodemus akauliza.

"Mama aanze."

Mama Nomsa akapandisha khanga, akaruka. TV inawaka. Nomsa akaruka mara tatu, anacheka. Inawaka.

"Bado wewe, kaka Nicodemus."

"Mimi mtu mzima, nirukeruke kama chura?"

"Ruka, baba!" Mama Nomsa akamkaripia.

Nicodemus akasogea mahali pake pa siku zote, karibu na dirisha. Akaruka kwa hasira.

Paap! Giza.

Nomsa akaanguka kwenye kochi kwa kicheko, mama yake akajifuta machozi na ncha ya khanga, akamwambia Nicodemus:

"Kumbe mchawi ni wewe!"

Méthode akachomoa waya ukutani, akasubiri umeme uliobaki ndani utulie, akafungua mgongo wa TV. Safari hii alijua cha kutafuta. Akaupinda ubao wa saketi kidogo, akamulika tochi. Hiyo hapo! Ufa mwembamba kama unywele kwenye lehemu, mguuni mwa transfoma. Kugonga kwa bisibisi hakukuufungua. Mtikisiko wa ubao wa sakafu, uzito wa Nicodemus ukiwa upande mmoja na meza upande wa pili, ndio uliouachanisha.

Akachoma lehemu mpya. Ubao wa sakafu akaupigilia misumari Nicodemus mwenyewe, amepiga magoti, sebule nzima ikimpa ushauri.

Siku ya Ufaransa, Bafana wakafunga. Hakuna aliyeruka! Wote wamegandia vitini, wanaikodolea TV kama mgonjwa anayetoka chumba cha upasuaji.

Inawaka.

Ndipo nyumba ikapasuka kwa kelele. Wakaruka mpaka vikombe vikacheza kabatini, na picha haikutikisika. Bafana walishinda, ingawa walitoka mashindanoni, na watu wakalia na kucheka kwa pamoja.

Wiki hiyohiyo Nicodemus alitokea kibandani kwa Méthode mjini, redio yake kubwa begani. Wateja wamejaa. Akaitua mezani, akasafisha koo, akatoa ile sauti ya kwaya:

"Jamani, nilimwita huyu bwana tapeli. Nilikosea, namwomba msamaha mbele yenu. Mleteeni vitu vyenu bila wasiwasi. Huyu anatafuta ugonjwa mpaka anaupata, hata kama ugonjwa wenyewe ni mimi!"

Kibanda kizima kikacheka. Méthode akavuta redio, akauliza taratibu:

"Sharp, kaka, yameisha. Inasumbua nini?"

Ndugu yangu, kabla hujamnyooshea mwenzako kidole, angalia kwanza wewe umesimama wapi.