Hina ya Mkono wa Kulia

Ilikuwa Jumamosi saa tisa alasiri, kesho yake Idi, jikoni kwetu Ilford. Nimeikumbuka juzi, nilipomwona mzee ndani ya basi kaibana ngumi yake kifuani.

Bibi alikuwa amepata kiharusi, na mkono wake wa kulia ulikuwa umejikunja ngumi. Nilikuwa sijaanza shule, nikadhani mkono umenuna. Jiko zima lilinukia hina na mafuta ya mkaratusi.

"Mama, tupake wa kushoto tu," mama yangu alimwambia.

"Hina ya mkono mmoja umeiona wapi? Nipake yote miwili."

Nikaivuta ile ngumi, ikazidi kukaza. Basi nikaunong'oneza mkono, "Acha kununa, kesho Idi." Bibi akacheka mpaka akayumba kitini, mama akamdaka bega.

Siku hizi najua misuli ya namna ile haitaki kuvutwa kwa nguvu. Mama aliuloweka mkono kwenye maji ya vuguvugu, akaanza na kidole gumba, taratibu, mpaka kiganja kikafunguka. Akachora ua moja. Mimi nikavishikilia vidole mpaka hina ikakauka.

Asubuhi ngumi ilikuwa imefunga tena. Bibi alisimama kwenye korido, kashika fremu ya mlango, wageni wakivua makoti. Akaiachia fremu, akaegemeza mgongo ukutani.

"Acha kununa," akauambia mkono, na kwa ule wa kushoto akafungua kidole kimoja kimoja mpaka wageni wote wakaliona ua.