Hatua Sabini za Baba Mdogo

Harufu ya kamba mpya ya katani hunikamata popote ilipo. Juzi nilipita dukani kununua kamba ya kufungia mbuzi, nikainusa kabla hata sijauliza bei, na muuzaji akaniangalia kama mtu aliyechanganyikiwa. Nikacheka peke yangu. Angejua! Ndani ya harufu ile kuna shamba letu la Nyarero, umande wa asubuhi, na mimi mwenyewe nikiwa kidato cha kwanza, nimejaa maarifa mpaka masikioni.

Baba alifariki nikiwa darasa la sita. Tuliendelea kulima kipande cha shamba la ukoo ambacho hakikuwa na mpaka, na kila msimu mama alikuwa na hofu ileile kwamba mwaka huu ataambiwa asogee. Hatimaye bibi, mama yake baba, akatamka mbele ya watu kwamba mkwe wake apimiwe ekari moja iwe yake na watoto wake. "Ekari moja," alisema, "isipungue, isizidi." Bibi alikuwa mkali jamani. Akisema isizidi, hata kuku walielewa. Kazi ya kupima akapewa baba mdogo Marwa, mtu mrefu kuliko wote pale nyumbani, aliyeingia kila mlango kwa kuinama.

Kwetu ekari ni hatua sabini kwa hatua sabini. Hatua za nani? Hilo hakuna aliyewahi kuliuliza.

Sasa ngoja niwaambie kuhusu kichwa changu cha wakati ule. Muhula ule ndio tulikuwa tumeanza fizikia, na somo la vipimo lilikuwa limenipanda kichwani kwelikweli. Mwalimu wetu alikuwa na msemo wake: "Hatua ni ya mwenye mguu, mita ni ya kila mtu." Basi nilipima kila kitu, meza, mlango, mpaka mkia wa ng'ombe, na ng'ombe akanipa teke langu. Mama akiniambia niweke chumvi kidogo, namuuliza kidogo ni gramu ngapi. "Wee Bhoke," ananiambia, "leo utakula hizo gramu zako."

Siku ya kupima tulifika shambani mapema. Bibi aliletewa kigoda akaketi pembeni. Baba wakubwa wawili, kaka zake baba, walisimama mikono nyuma wakihakikisha hakuna kinachozidi. Mama alikaa mbali kidogo, mikono kifuani. Baba mdogo akasimama kwenye kona, akaanza kutembea huku akihesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, na miguu yake ilikuwa inanyooka ajabu, kama mtu anayeruka mitaro. Shati lilimpepea mgongoni. Jasho lilimtoka kwa kutembea tu.

Mimi nikaona mchezo. Tangu nikiwa mdogo nilisikia watu wakisema shamba la mjane huliwa mchana kweupe. Nikasema moyoni, haya, ndiyo hii sasa, mama anaibiwa nikitazama. Sikujiuliza hata mara moja mtu anayerefusha hatua anamwibia nani. Alipofika sabini akachomeka kijiti, nami nikatoka mbio na daftari langu.

"Baba mdogo, shikamoo, lakini hatua si kipimo!"

Nikawaeleza, nikihema, kwamba ekari ni mita za mraba elfu nne na arobaini na saba, kwa hiyo kila upande ni kipeuo cha pili cha hizo. Nikachukua simu ya mama, nikabonyeza, nikawasomea jibu lote tarakimu kwa tarakimu kama mtu anayesoma somo kanisani: sitini na tatu nukta sita, moja, sita, sifuri, tatu, tano, saba.

"Hizo zote ni za shamba moja?" bibi akauliza.

Baba mdogo alinitazama, kisha akamtazama mama. "Shemeji, unasemaje?"

Mama aliinamisha uso, akauinua, akaniangalia nilivyolibana daftari kifuani. "Apime mtoto," akasema.

Basi nikapima. Kamba ilikuwa ya katani, mpya, nimeifunga fundo kila mita kwa kutumia rula yangu ya sentimita thelathini iliyovunjika ncha. Niliivuta juu ya matuta, nikapiga magoti, nikasogeza udongo kwa kidole nitafute milimita zangu. Kisha nikaking'oa kijiti cha baba mdogo na kukirudisha nyuma mafundo manane mazima. Mita nane! Nilijisikia mshindi, wallahi. Baba wakubwa wakatikisa vichwa: "Kumbe huyu binti anasoma kweli." Baba mdogo akacheka, akajifuta jasho. "Kumbe miguu yangu ni mibovu." Upande wa pili nao nikaupima kwa kamba yangu, na siku hiyohiyo mkonge ukapandwa kwenye mpaka, na kwetu mpaka ukishapandwa mkonge mbele ya watu, haung'olewi.

Niliporudi shuleni nilimsimulia mwalimu, nikisubiri sifa. Alicheka mpaka akavua miwani. "Rula imevunjika ncha, kamba inavutika, shamba lina matuta, halafu unaniletea tarakimu tisa? Kila tarakimu unayoandika ni ahadi, Bhoke. Usiahidi ambacho kifaa chako hakikukuonyesha. Ungeandika sitini na nne, ukaenda kula." Niliona aibu, lakini aibu ya tarakimu tu. Kuhusu haki ya mama sikuwa na wasiwasi wowote.

Miaka ikapita, nikawa mwalimu wa fizikia mwenyewe, huko upande wa Serengeti. Siku moja niliwatoa wanafunzi uwanjani tubadilishe hatua kuwa mita. Kijana mmoja mrefu akatembea kwa mbwembwe, akinyoosha miguu ili wenzake wacheke. Hatua sabini zake, kwa futi kamba, zikawa mita sabini na mbili. Tukarudi darasani. Nikaandika ubaoni sabini na mbili mara sabini na mbili, nikagawanya kwa eneo la ekari. Jibu likaja: ekari moja na robo, na kidogo juu yake.

Mkono ukaishia hapohapo ubaoni. Sitini na nne yangu ukiongeza mafundo manane ni sabini na mbili. Wanafunzi wakaniuliza, "Mwalimu, vipi?" Nikawaambia nimeingiwa na vumbi la chaki. Miguu ile ya baba mdogo iliyonyooka ilikuwa inamwongezea mama shamba. Mbele ya bibi na kaka zake hakuweza kutamka, akatumia miguu, na mimi na daftari langu nikamrudisha nyuma.

Likizo ilipofika nilimkuta mama uani akipepeta ulezi. Nikamweleza hesabu yote. Hakuacha kupepeta.

"Nilimwona tangu hatua ya tatu," akasema.

"Sasa mbona hukunizuia, mama?"

"Ningesemaje? Niseme mbele ya bibi yako kwamba shemeji anazidisha?" Akapuliza makapi. "Halafu wewe hukuwa unasikia maneno ya mle ndani. Baba zako wakubwa walikuwa wanasema kidato cha kwanza kinamtosha msichana. Ningesema mtoto amekosea, nani angekuacha urudi shule? Tangu siku ile hakuna aliyelirudia neno hilo. Na baba yako mdogo alikuja jioni, akaniambia, 'Shemeji, huyu mwache asome.'"

Nililia, mtu mzima, mbele ya ungo wa ulezi. Mama akaniambia nisimwagie machozi chakula. Siku ile shambani nilidhani nimemtetea. Kumbe yeye ndiye aliyenitetea mimi, kwa maneno mawili tu, akavuna pungufu miaka yote iliyofuata, na hakuwahi kunilaumu hata kwa jicho.