Wadudu wa Chumvi na Kikombe cha Shangazi

Mwaka ule serikali ilipotuhamishia kijiji cha ujamaa, marehemu baba alikataa kuacha mlango wake. Nyumba aliiacha, lakini mlango aliung'oa pamoja na bawaba zake akajitwika kichwani. Mlango wa mbao nzito, alichongewa na fundi mmoja wa Tarime. Sisi tulikuwa nyuma tunaswaga ng'ombe na kucheka. Kila alipochoka aliuegemeza kwenye kichuguu akasimama nyuma yake apumzike, na mama akifika hapo anabisha. "Hodi humu!" Baba anajibu kwa ndani, kama kuna ndani, "Leo sipokei wageni."

Basi huko tulikopelekwa, upande huu wa Nyansurura, viwanja vilipangwa kwa mstari kama madawati ya shule, na kiwanja kilichofuata chetu alipewa shangazi, dada yake baba. Zamani alikaa ng'ambo ya mto, ukiumwa tumbo unafikiri kwanza kabla ya kumfuata. Sasa ukikohoa tu anasikia. Alikuwa mganga wa mizizi. Si wa ramli, naomba nieleweke, mizizi tu. Na mimi miaka kadhaa baadaye, nikiwa mtu mzima mwenye mke, nikaugua tumbo.

Lilivimba upande mmoja, chini ya mbavu. Shangazi akanichemshia mzizi mmoja mweusi, mchungu sijaonja mfano wake, akasema, "Kikombe asubuhi, kikombe jioni, mura." Mura kwetu ni kijana, hata mwenye mke. Nikanywa. Miezi miwili. Tumbo halikupungua, nikapungua mimi. Midomo inakufa ganzi, moyo unadunda kama nimefukuzwa na fisi, suruali naifunga kwa kamba. Watu wakaanza maneno, kwamba yule mama anammaliza mtoto wa kaka yake. Mke wangu akaniambia acha hiyo kitu. Niache vipi? Nikiacha nimekubaliana na wasemaji. Nikimwaga ataona, nyumba zenyewe ndizo hizo za mstari. Nikaendelea kunywa.

Hapo ndipo akaja mtaalamu. Mwenyekiti wa kijiji alimleta, kijana mwembamba wa Dar es Salaam, Kiswahili chake kama redio. Alisema wanatafuta dawa mpya katika miti ya wazee, na kwa kuwa mizizi huoza njiani, yeye huipima hukohuko inakochimbwa. Akamwamkia shangazi shikamoo kwa adabu, shangazi akampenda hapohapo. Dirisha la shangazi lilikuwa dogo, kwa hiyo meza ya kupimia ikawekwa kwangu kwenye mwanga.

Akatoa kichupa cha unga wa kahawia. Shangazi, mvutaji wa ugoro tangu ujana, akanyoosha vidole viwili.

"Bibi, usinuse! Hayo ni mayai!"

"Mayai ya nini? Ya kuku gani huyo?"

Ni ya wadudu wa maji ya chumvi, akasema, ndio watakaoionja mizizi. Akatoa mfuko wa chumvi ya bahari akaanza kuikoroga ndani ya beseni letu. Mke wangu alishika kichwa. Duka la kijiji halikuwa na chumvi tangu masika, tunakula mlenda hivihivi. "Shemeji, sisi binadamu hatuna chumvi, wewe unawaogeshea wadudu?" Mtaalamu akacheka, akamkatia kidogo kwenye karatasi. Wakapatana.

Siku ya pili mayai yameanguliwa. Vitu vidogo kama nukta ya kalamu, vinacheza kuelekea kwenye mwanga. Akawagawa kumi kumi kwenye chupa. Chupa moja maji ya chumvi tupu, nyingine tone la dawa yangu, nyingine matone mengi. Mimi nimekaa kwenye kigoda naangalia, na majirani wamejaa mlangoni. Nilijua wamekuja kuangalia nini. Wale wadudu wakifa, shangazi yangu ni mchawi mbele ya mashahidi.

Kesho yake tukachungulia. Chupa ya matone mengi, wote wamelala chini. Mke wangu akasema taratibu, "Wamekufa."

"Wamekufa!" Mtaalamu anaruka kwa furaha. "Bibi, hii ni dawa! Dawa hasa! Mizizi mingi nikiweka wanaogelea tu, hawana habari. Huu una nguvu."

Mpaka leo namshukuru kwa neno hilo. Angeweza kusema sumu, na asingekuwa mwongo. Akasema dawa, kama tunavyosema dawa ya kupe, dawa ya panya, na majirani wakasogea kuiona hiyo dawa.

Ndipo akaniuliza nakunywa kiasi gani. Nikamwonyesha kikombe changu, cha bati, kile kikubwa cha uji. Akakigeuza mkononi. Shangazi akakitazama kikombe, akanitazama mimi.

"Hicho ndicho kikombe?"

"Si ulisema kikombe?"

Alitoka, akarudi na kibuyu chake kidogo cha kupimia, kinajaa funda moja. "Hiki ndicho kikombe, mjinga wewe! Unakunywa kama ng'ombe kisimani!"

Watu wakacheka mpaka wakakaa chini. Nilicheka na mimi, nikiwa na machozi. Mtaalamu akatuonyesha chupa ya tone moja, wadudu wanacheza bado, lakini akamwomba shangazi nipumzike hata hicho kidogo, nipelekwe hospitali ya Mugumu. Shangazi mwenyewe ndiye aliyenisindikiza wiki iliyofuata. Ilikuwa bandama, nikapewa vidonge. Nimezika wengi wa rika langu, mimi nipo. Nawashukuru wadudu wale, kumi kwa kumi.

Mtaalamu hakuwepo kuniona nimepona. Siku ileile ya kicheko alimwaga maji, akafunga mzizi kwenye gazeti, akasema ataleta majibu ya huko kwao. Mke wangu alikuwa bado anamkimbiza jogoo nyuma ya nyumba.

"Ngoja ule, mura," shangazi akamwambia.

"Basi la Musoma halingoji jogoo, bibi."

Akashika njia ya Mugumu, liliko basi, kwa miguu, mfuko begani, anapiga mluzi. Hakurudi tena.