Mwizi wa mipira ya oili

Jamani, mwizi wa mipira ya gari la babu amepatikana leo. Nimechoka hata kucheka siwezi.

Siku tatu nimeshinda chini ya kile kigari chake cha spoti, cha viti viwili, kilicholala bandani tangu vita vya Kagera.

Leo nikafunga mipira mipya, ile inayopeleka oili kwenye rejeta ndogo ya kuipoza. Nikawasha. Kijiji chetu kizima cha Ntobeye kikasikia. Haivuji hata tone!

Babu, badala ya kushukuru, akaanza wimbo wake wa miaka yote: fundi Sospeter ndiye aliyeiba mipira ya zamani.

(Sospeter ni marehemu. Babu hakwenda hata kumzika.)

Bibi akaingia ndani. Akarudi na kitu amekifunga kwenye kanga kuukuu.

Mipira miwili, mikavu kama kuni.

"Niliifungua mimi," akasema. "Magari yalikuwa yanachukuliwa pamoja na madereva wake kwenda vitani. Ungeenda."

"Na Sospeter je?" babu akauliza.

"Nilikuwa nangoja hasira zako ziishe."

Mimi hapo nimeshika spana, sijui nitazame wapi.

Babu hakugomba. Alisema tu nimpeleke bibi kwa mjane wa Sospeter, akaseme mwenyewe. Kisha akachukua fimbo yake, akatangulia kwa miguu.

Sasa bibi yuko kiti cha pili, ile mipira mapajani. Injini inanguruma. Kila nikitaka kuondoka ananiambia, "Ngoja kwanza."

Nyie, niondoe gari au nizime?