Nilionja pombe yangu ya ngano mbele ya bakwe, bakaangalia kidole yangu

Wakuu wa hili jukwaa, na bamama wenzangu wenye munasomaka tu bila kuandika, nawasalimia.

Mi ni koko, bibi muzee, bajukuu wangu hawatoshi mu nyumba moja. Masomo nilifika tu fasi ya kusoma Biblia na kuandika jina yangu. Kama herufi zimepinda, musome vile vile.

Ile nitasema hapa niliiona na macho yangu na niliimeza na koo yangu. Mwenye atabisha, apande huku juu ya Mushaki, aulize kwa mama wa pombe ya ngano. Hata mbuzi zitamuonyesha njia.

Sasa musikie.

Mujukuu wangu Riziki alipata kijana wa Kirolirwe. Bantu ya ng'ombe, bantu ya maziwa. Sisi ni bantu ya jembe. Vile munajua huku kwetu, jembe na ng'ombe zinasalimianaka, lakini kila mumoja anaacha mulango wazi nyuma yake.

Kijana ni muzuri. Shida ilikuwa mama yake, Mama Eliya.

Huyu mama hanywi kitu kwa bantu. Dada yake mukubwa alienda ku sikukuu fulani zamani, akakunywa, akarudi, akakufa. Bakasema ni sumu. Ilikuwa sumu ao ilikuwa ugonjwa, Mungu njo anajua, mi sikukuwa pale. Tangu hiyo siku, kwenye anaenda anabeba maji yake mu chupa. Hata ku matanga. Hata ku kanisa.

Na kwetu, mama wa kijana akikuja kuomba binti na hakunywa kinywaji ya nyumba, hakuna kitu ameomba. Atarudi na mudomo mukavu, na binti atabakia.

Mutoto wangu, baba ya Riziki, akasema, mama, tununue za chupa. Fanta na bia. Chupa iko na kifuniko, hakuna mwenye ataogopa.

Nikamuambia hapana. Ukimupa mugeni chupa yenye kufungwa, unamuambia: najua unaniogopa, na mi pia nakuogopa. Bantu bataoana namna gani na kifuniko katikati?

Mi nitapika pombe ya ngano.

Kwa wenye hawaijui: huku juu mutama haikubali, baridi inaiua. Ngano njo inakubali. Unailoweka, unaifunika na majani mpaka inatoa mizizi, unaianika, unaisaga ku jiwe. Unapika kama uji. Ikipoa unatia chachu, na unaacha mutungi karibu na moto, si karibu sana. Mama yangu alifanya vile, na mama yake.

Siku ya pili njo siku yake. Iko tamu, inacheka kidogo ku ulimi, hailewesi hata kuku. Hata bamama wa kwaya banakunywa na banaimba muzuri. Lakini ukiiacha, inaanza kuuma. Inapata uchungu.

Na uchungu, wakuu, mu kinywa ya muntu mwenye anaogopa sumu, ni sumu.

Nikahesabu vizuri ili ikuwe tamu siku yenye bageni batafika.

Ile siku hawakufika. Kamyo, lori ya mizigo, ilizama mu matope chini ya Mushaki, ikafunga njia. Balilala Sake, kule chini.

Mi nikabakia na mutungi.

Nilionja asubui, tamu. Nilionja saa sita, bado tamu, lakini kulikuwa kitu nyuma ya ulimi, kama muntu mwenye amesimama nyuma ya mulango. Riziki alikuwa anafagia uwanja wenye alikuwa amekwisha kufagia. Aliniangalia tu kila mara niko naonja.

Kule Walikale kwenye joto ningekuwa nimeimwanga. Lakini huku baridi ni rafiki kama unajua kumutumia. Nikabeba mutungi mpaka ku kijito, nikachimba na mikono yangu mu udongo muweusi, nikauzamisha mpaka ku shingo, maji inapita kando yake. Baridi ishikilie chachu. Nikakaa pale kama muntu analinda mugonjwa.

Kesho yake, bado niko mu kijito, nikasikia sauti ku kilima. Bageni.

Nikachimbua ule mutungi mbio mbio. Nikanawa na sabuni, nikavaa kitenge, nikafunga kichwa. Nilifika mu uwanja mbele yao, pumzi inapiga kama ngoma.

Tukasalimiana. Tukaomba Mungu. Bakakaa. Mama Eliya akaweka chupa yake ya maji chini, kati ya miguu yake, kama mutoto.

Nikachota mu kibuyu. Huku mwenye nyumba anaonja kwanza mbele ya bantu bote, njo heshima, njo kusema kinywaji iko safi. Nikashika kibuyu na mikono miwili, nikakunywa. Ilikuwa imesogea kidogo ku uchungu, si sana. Nikashukuru mu roho. Nikanyooshea Mama Eliya.

Hakupokea.

Macho yake haikukuwa ku pombe. Ilikuwa ku kidole yangu kikubwa, ile yenye ilikuwa imeshika mudomo wa kibuyu.

Ukucha yangu ilikuwa nyeusi, imejaa ule udongo ya kijito. Sabuni haikufika.

Kama hamujui, huku wanasema sumu inakaa chini ya ukucha. Muntu anaonja kwanza, anacheka na wewe, kiisha anatumbukiza ncha ya kidole mu kinywaji wakati anakupatia. Kila muntu mu ule uwanja alijua ile hadisi.

Mama Eliya akasema pole pole, bila hasira:

“Mama, hiyo kidole.”

Nikaona Riziki ku mulango, ameshika ufagio.

Baba yake akaingia mu nyumba, akatoka na kreti ya Fanta. Kumbe alikuwa ameificha chini ya kitanda. Mutoto nilimuzaa mwenyewe. Nikamuambia arudishe. Akasimama na kreti yake mu mikono, hajui aende wapi.

Sikuwaza sana. Nikaingiza ile kidole mu kibuyu, mbele ya macho ya Mama Eliya, nikakoroga. Pombe ikageuka rangi. Nikakunywa yote mpaka chini. Kiisha nikaingiza kidole mu kinywa yangu na nikainyonya kama mutoto muchanga, mpaka ukucha ikakuwa nyeupe.

Nikamuambia:

“Ni udongo ya kwetu. Riziki ameikula tangu anatambaa, na ni yeye munakuja kuomba.”

Muzee mumoja wa upande wao akaanza kucheka, akajifunika kinywa na kofia. Mama Eliya hakucheka.

Nikachota ingine, nikashika kibuyu chini, mbali na mudomo. Akaiangalia. Akaangalia chupa yake ya maji. Akapokea.

Alikunywa mara moja. Akaishika mu kinywa muda murefu, mashavu imejaa, na mi niko nahesabu dhambi zangu. Akameza.

“Inauma ulimi,” akasema. Kiisha akasema tena: “Kama maziwa yetu yenye imelala.”

Akamaliza kibuyu.

Munafikiri woga yangu iliisha? Njo ilianza.

Juu bageni walikula, wakapatana, wakapanda pikipiki zao wakaenda. Na mi nikabakia na wazo moja: huyu mama leo amekunywa kwangu. Kama atakula mahindi mubovu ku njia, ni mimi. Kama malaria itamushika, ni mimi. Kama pikipiki itamutupa mu shimo, batasema ni ile pombe ilimupa kizunguzungu. Bantu wote waliona ukucha.

Sikulala. Niliomba maombi yenye nilijua na yenye sikujua.

Asubui, mbele ya chai, telefone ya Riziki ikalia. Akaangalia, akanipatia. Mikono yake ilikuwa baridi kuliko kijito.

Nikasema alo.

“Mama, nimeamuka,” Mama Eliya akasema. “Na wewe? Na ule udongo yote? Nililala naogopa juu yako.”

Nilikaa chini pale pale, mu majivu ya moto. Nikamuambia nimeamuka pia. Tukacheka sisi wawili kama bamama wazimu, mpaka Riziki akaanza kulia akifikiri kuna muntu amekufa.

Somo nilipata, wakuu: kuamini haikuji na kifuniko. Muntu anakunywa kwako, kiisha munalala wote na woga, kila mumoja kwake, na asubui munaitana. Njo bukwe, njo bantu kukuwa wakwe.

Na somo ya pili: mukienda kuchimba kijito, mukate makucha.

Sasa mi nauliza. Kwenu, mugeni akiogopa kinywaji ya nyumba, munafanya nini? Na wenye banajua kushikilia pombe ya ngano isiume bila kuizamisha mu maji, waniandikie hapa chini, juu ndoa inakaribia, na Mama Eliya amesema atakuja bila chupa.