Nati ya Nane

Bomba jipya la ekzosi likipata moto mara ya kwanza hutoa harufu usiyoweza kuisahau: rangi inayoungua, mafuta ya kiwandani yanayokauka, na utamu kidogo kama wa sukari iliyomwagikia jikoni. Hata leo, nikiwa na gereji yangu mwenyewe hapa Mikumi, nikiinusa tu narudi kuwa mtoto wa miaka kumi, nimelala chali juu ya gunia, mkono umezama hadi begani ndani ya pikapu ya Mzee Masanja.

Mzee Masanja alikuwa mkulima wa mpunga, Msukuma aliyehamia Zombo na familia yake. Pikapu yake ilibeba mpunga, ndama, maharusi na wagonjwa wa kijiji kizima. Ekzosi yake ilipopasuka pale inapoungana na injini, moshi ulianza kuingia ndani, na abiria wakawa wanashuka vichwa vikiwauma. Akaenda Morogoro akanunua mabomba mapya ya ekzosi, manne yaliyopinda kama vidole vilivyoshika kikombe, akamletea baba yangu.

Baba alikuwa fundi, na mimi niliamini hakuna gari linaloweza kumshinda. Lakini mabomba yale yalipinda juu ya nati zinazoyashikilia, yakaziziba. Nati saba Baba alizikaza huku akiimba. Ya nane ilijificha nyuma ya bomba la mwisho, na spana haikupata pa kuzungukia. Akaacha kuimba. Akachukua spana yake nzuri kuliko zote, akaitia kwenye mkaa mpaka ikawa nyekundu, akaipinda kwa nyundo, kisha akakata mpini. Mama, aliyekuwa akipita na ndoo ya maji, alisimama akatazama.

"Leo baba yenu kachanganyikiwa," akasema, akaendelea na safari yake.

Spana ilitoka imepinda kama mguu wa kuku, na kweli iliingia. Ila mkono wa Baba ulikwama kwenye kifundo.

"Mwajuma," akaniita, "lete huo mkono wako mwembamba."

Sijawahi kujisikia mkubwa kama siku ile. Niliingia uvunguni nikaitafuta nati kwa vidole, maana kuiona haikuwezekana. Kila nilipovuta, ilisogea kiasi cha upana wa punje ya mchele; kisha nikaitoa spana, nikaigeuza, nikairudisha, nikavuta tena. Vumbi lilinidondokea machoni. Ngozi ya vidole ilichubuka. Fahari iliisha mapema, ikabaki hamu ya kutoka. Mwishowe spana ikateleza, na mimi nikajua bado nati ina nafasi ya kuzunguka kidogo.

"Imekaza, Baba," nikasema.

"Imekaza kweli?"

"Imekaza kweli."

Injini ilipowashwa iliguruma safi. Mzee Masanja alicheka kwa furaha, akanipa mkono. Nikamwambia shikamoo kwa mara ya pili asubuhi ile, akaitikia marahaba bila kujali.

"Umeniokoa, fundi," akamwambia Baba. "Mkwe wangu Kabula amefikisha siku zake za kujifungua. Nikifika tu nyumbani nampakia, tunakwenda hospitali Kilosa."

Akaondoka. Nikabaki nimeshika kitambaa cha kufutia mikono.

Mchana Mama alipakua ubwabwa na maharage, chakula nilichokipenda kuliko vyote, nami nikawa nakipangapanga tu kwenye sahani. Nilikuwa nawaza barabara ya Zombo na mashimo yake. Nilijua, kwa sababu Baba alishanifundisha, kwamba nati iliyolegea hukaa kimya mpaka ipate joto na mtikisiko. Nikamwona Kabula amekaa ndani ya moshi ule, na tumbo lake.

"Baba," nikasema, "ile ya mwisho haikukaza."

Hakunipiga wala hakunigombeza. Alisukuma sahani, akapiga simu ya Mzee Masanja, haikupatikana. Akaitia mfukoni ile spana iliyopinda.

"Panda pikipiki," akasema.

Tuliwakuta mbele ya Zombo, njia ya Kilosa, gari limesimama kando ya barabara, madirisha yote wazi. Kabula alikuwa amekaa kwenye majani, ameegemea kifua cha mama mkwe wake, anahema kwa uchungu.

"Ilianza kugonga, ta-ta-ta," alisema Mzee Masanja, "na harufu ikaingia. Nikaona bora niwashushe."

"Kuna nati moja sikuikaza, mzee," Baba alijibu. "Kosa ni langu. Nisamehe."

Injini ilikuwa ya moto, na hapakuwa na muda wa kuisubiri ipoe. Nikavua viatu niingie uvunguni. Baba akanishika bega, akanirudisha nyuma. Alilowesha kitenge cha mama mkwe, akajifunga mkononi, akaulazimisha mkono upite pale ulipokataa asubuhi. Nilisikia maji yakichemka kwenye bomba. Nilimsikia Baba akihesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu, mpaka kumi na tisa. Alipotoka, kitenge kilikuwa kimeungua sehemu mbili na mkono wake umevimba mwekundu.

"Sasa nendeni," akasema. "Acheni madirisha wazi."

Kabula alijifungua Kilosa jioni ileile, mtoto wa kike. Baba alikaa wiki mbili akishika spana kwa mkono wa kushoto, na alinipa kazi kama kawaida.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba Baba alidanganya barabarani pale ili kunisitiri, nami nikampenda kwa uongo ule. Mwaka jana kijana ninayemfundisha kazi alifunga magurudumu ya gari la mteja, nikamuuliza kama amekaza, akasema ndiyo. Nilichukua spana nikapiga magoti, nikazijaribu zote, moja baada ya nyingine, kwa mkono wangu. Zilikuwa zimekaza. Nikiwa bado nimepiga magoti ndipo nilipoelewa kwamba Baba hakumdanganya Mzee Masanja hata kidogo. Gari lilitoka mikononi mwake, na yeye aliniuliza tu, hakuijaribu nati mwenyewe.